Mto Uliopanda Mlima: uchambuzi wa ramani ya gombolola moja Bududa

"Binti, huu mto unapanda?"

Aliyeuliza ni mzee mmoja mwanajeshi mstaafu ambaye kijiji kizima humwita Afande. Alikuwa ameinuka kwenye benchi akasogea hadi kwenye shuka jeupe tulilolitundika ukutani, akaweka kidole juu ya mstari wa buluu. Jenereta ilikuwa inanguruma nje, picha kutoka kwenye projekta inatetemeka kidogo. Nilitazama kidole chake. Mstari ulitoka bondeni, ukakata shamba la migomba, ukaupanda mgongo wa mlima, kisha ukateremka upande wa pili. Mto ulikuwa unapanda kweli.

Ramani hiyohiyo, ya kuonyesha nyumba zilizo hatarini maporomoko ya ardhi yakitokea, ikiwa imechapishwa bapa kwenye karatasi kubwa, ilikuwa imebandikwa katika ofisi ya gombolola, yaani sehemu ya wilaya, kwa wiki tatu. Viongozi waliipitisha, wafadhili waliipitisha, na sisi tulioichora tuliipitisha kabla yao. Siku ile tulikuwa tumeiweka katika vipimo vitatu (3D) kwa sababu mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, alisema watu wake hawaisomi karatasi. Haikuwa katika mpango wa kazi. Kosa lililokaa wiki tatu ukutani lilionekana katika dakika kumi.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu naona jinsi wengi tunaofanya kazi ya ramani za kompyuta hapa Uganda tunavyoichukulia picha ya vipimo vitatu: ni kitu cha kuweka kwenye jalada la ripoti. Mimi naamini ni chombo cha ukaguzi, na kwamba tabaka lolote la ramani, yaani kundi moja la vitu kama mito au nyumba, ambalo halijawahi kulazwa juu ya umbo la ardhi na kutazamwa kutoka ubavuni halijakaguliwa.

Kwanza uzito wa jambo lenyewe. Bududa iko kwenye mteremko wa Mlima Elgon, volkano ya kale ambayo kilele chake, Wagagai, kina mita 4,321. Udongo ni mzito na wa kina, mvua ni nyingi, na mashamba ya kahawa na migomba yanapanda hadi mahali ambapo mgeni hushangaa mtu anasimamaje kulima. Tarehe 1 Machi 2010 ardhi iliporomoka Nametsi na kufunika nyumba na watu. Waliokufa walikadiriwa kufika 300. Oktoba 2018 huko Bukalasi, Mto Suume ulishuka na mawe, matope na magogo, ukaua zaidi ya watu 40. Tarehe 27 Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli, wilaya nyingine ya Elgon. Katikati ya miaka hiyo yako mengine madogo ambayo hayakufika redioni. Baadhi ya walionusurika mwaka 2010 walihamishiwa Kiryandongo, mbali kabisa na kwao. Wengine baadaye wakapelekwa Bunambutye. Kwa hiyo, nyumba inapopakwa rangi nyekundu kwenye ramani ya aina hii, ni familia inayoambiwa iache kaburi la babu na miti ya kahawa iende kuanza upya. Na nyumba isiyopakwa rangi ni familia inayoambiwa ilale.

Ramani yetu ilikuwa na matabaka sita. La chini kabisa lilikuwa gridi ya miinuko, yaani faili ambamo kila mraba wa ardhi una namba moja ya kimo chake. Juu yake mito, nyumba, njia za miguu, chemchemi, na nyufa za ardhini ambazo wenyeji wenyewe walituonyesha. Nyumba, njia, chemchemi na nyufa tulizikusanya kwa simu, tukitembea na vijana wa pale. Timu ilikuwa ya mchanganyiko, Wagisu, Wasabiny, Mteso mmoja, na mimi wa Busia, na kazi yote ilikwenda kwa Kiswahili. Mito hatukuitembea. Ilikuwa imechorwa zamani na ofisi nyingine kutoka kwenye ramani za karatasi za kipimo cha 1:50,000, ikatufikia kama faili tayari. Tukaishukuru, tukaitumia. Kisha tukachora ukanda wa mita 50 kila upande wa mto, na kila nyumba iliyoangukia humo tukaipaka nyekundu.

Ukanda huo haukuwa kila kitu. Maporomoko huanzia juu, kwenye miteremko na kwenye vibonde vinavyokusanya maji, na ndiyo maana tulihesabu nyufa pia. Lakini matope yakishaanza kushuka hufuata mkondo, na walio kando ya mkondo ndio wenye muda mfupi zaidi wa kukimbia.

Tulimwomba Afande aturuhusu tuahirishe kikao. Tulirudi Mbale jioni ile, na nikaifungua ramani mezani.

Kitu cha kwanza nilichokishuku ni ukuzaji wa vimo. Programu tuliyotumia, QGIS, imekuwa na dirisha lake la vipimo vitatu tangu toleo la 3.0 la mwaka 2018, na ndani yake kuna mahali pa kuzidisha vimo ili milima ionekane. Nilikuwa nimeweka 3. Wengi hufanya hivyo, na picha hupendeza, lakini hesabu yake inatisha: mteremko wa nyuzi 20 ukizidishwa mara tatu unaonekana kama nyuzi 47. Mtu anayeishi kwenye mteremko wa kawaida anajiona yuko ukutani. Nikarudisha 1. Mlima ukatulia, ila mto uliendelea kupanda.

Nikashuku ukali wa picha. Programu haichori kila mraba wa gridi. Hugawa ardhi vipande vipande na kila kipande hukichora kwa nukta chache, ili kompyuta isilemewe. Kwa mpangilio wa kawaida kila kipande hupewa pikseli 16 kwa 16. Bonde jembamba linaweza kujazwa na mgongo mkali ukawa mviringo. Nikaongeza pikseli hadi laptopu ikaanza kupumua kwa nguvu. Bonde likachongeka vizuri, na mto ukaonekana wazi zaidi kwamba haumo ndani yake.

Ikabaki gridi yenyewe. Gridi yetu ilitokana na rada iliyobebwa na chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000, kazi ya siku 11 iliyopima karibu nchi kavu yote kati ya latitudo 60 kaskazini na 56 kusini. Data yake yenye miraba ya mita 30 hivi ilifunguliwa kwa umma kuanzia mwaka 2014, na Afrika ndiyo iliyotangulia. Ni zawadi kubwa kwetu sisi tusio na fedha za kurusha ndege. Ina kasoro zake: rada ile iligonga majani kabla ya kufika chini, kwa hiyo penye msitu "ardhi" ni vilele vya miti, na waliopanga kazi hiyo waliahidi tu kwamba kosa la kimo halitazidi mita 16 kwa sehemu kubwa ya vipimo. Nikachora mkato wa kimo kufuata mstari wa mto, kuanzia juu hadi chini. Mto wa kweli ungetoa mstari unaoshuka, wenye vinundu vya mita chache hapa na pale kwa sababu ya hizo kasoro. Wa kwetu ulishuka, ukapanda zaidi ya mita 70, ukashuka tena. Rada haikosei mita 70 kwenye mgongo mmoja halafu ikawa sawa kila mahali pengine.

Basi nikaacha kuutazama mto mmoja. Nikavuta picha nyuma, nikazungusha ili nitazame kutoka mashariki, nikaangalia mito yote ya gombolola kwa pamoja. Hapo jambo likajieleza. Kila mto ulikuwa na bonde lake, bonde lenye umbo lilelile, kona kwa kona, lakini kila mto ulikuwa umekaa kaskazini mwa bonde lake. Umbali ule ule, upande ule ule. Mkono wa mchoraji ukitetemeka, makosa hutawanyika huku na huku. Yakienda yote upande mmoja, ni tabaka zima lililohama.

Nikapima. Karibu mita 300 kuelekea kaskazini, na mita 80 na ushei kuelekea magharibi.

Yeyote aliyefanya kazi na ramani za zamani za Uganda, Kenya au Tanzania atazitambua namba hizo. Ramani za karatasi za nchi zetu zilijengwa juu ya msingi wa upimaji uitwao Arc 1960, ambao mizizi yake ni upimaji mrefu uliofuata longitudo ya 30 kutoka kusini mwa Afrika kwenda kaskazini, ukapita magharibi mwa Uganda. Simu na vifaa vya GPS hutumia msingi mwingine, WGS 84. Misingi yote miwili inaeleza dunia ileile, lakini haikubaliani kuhusu umbo la dunia wala kitovu chake. Chukua namba za Arc 1960 uzisome kana kwamba ni za WGS 84, na kila kitu upande wetu huu kitaruka karibu mita 300 kaskazini. Katika uwanda wa Teso usingegundua chochote. Mto ungelala kwenye tambarare nyingine iliyo sawa na ya kwanza. Elgon, mita 300 ni bonde na mgongo wake.

Faili letu la mito lilikuwa limebandikwa jina lisilo lake. Ndani namba zilikuwa za Arc 1960, kanda ya 36 kaskazini, ambayo nambari yake ya utambulisho ni 21096. Juu lilijitangaza kuwa 32636, yaani WGS 84 kanda hiyohiyo. Programu iliamini tangazo. Na kwa nini isiliamini?

Hapa niseme jambo moja polepole, kwa sababu nimeona vijana wazuri wakiharibu kazi mahali hapa. Kumwambia kompyuta faili hili ni la mfumo gani ni kitu kimoja; kulihamisha faili kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine ni kitu kingine. Ukiwa na faili lenye tangazo la uongo ukaamuru lihamishwe, programu itauhamisha uongo huo kwa uaminifu kabisa, na sasa utakuwa na makosa mawili. Kwanza sahihisha tangazo: hizi namba ni 21096. Namba zenyewe zisiguswe. Baada ya hapo ndipo uamuru uhamisho kwenda 32636, na programu ikikuuliza utumie njia ipi ya kubadilisha, usibonyeze ya kwanza ili dirisha liondoke. Soma kila njia imetengenezwa kwa ajili ya nchi gani na usahihi wake ni mita ngapi. Kulikokota tabaka kwa kipanya hadi liingie bondeni kwa macho sikukubali, ingawa mwenzangu mmoja alipendekeza kwa sababu usiku ulikuwa umeshaingia. Mto uliosukumwa kwa mkono hauna ushahidi nyuma yake.

Nilipomaliza nikafungua tena dirisha la vipimo vitatu. Mito ilikuwa imeingia kwenye mabonde yake kama maji. Nilikaa nikaitazama kwa muda.

Halafu nikaona nyumba hazipo.

Zilikuwapo kwenye orodha, zilikuwapo kwenye ramani bapa, lakini kwenye picha ya vipimo vitatu zimebaki chache tu zinazochungulia. Nikashusha kamera chini ya uso wa ardhi, jambo ambalo programu inaruhusu, na zikawa hapo: vitone vyekundu na vya kijani vikielea gizani chini ya mashamba, vingi mita kumi na kitu chini. Siku ya kikao hatukuliona hili kwa sababu nilikuwa nimeiambia programu izilaze nyumba zote juu ya ardhi, bila kujali kimo kilichoandikwa na simu. Safari hii nilikuwa nimeiambia ifuate kimo halisi cha faili.

Sababu yake ni rahisi ukishaijua. Simu za Android hutoa kimo kinachohesabiwa kutoka kwenye umbo laini la hesabu, yai lililobonyea kidogo ambalo WGS 84 hulitumia badala ya dunia. Gridi ya rada hutoa kimo kutoka usawa wa bahari. Nyuso hizi mbili hazilingani; katika Uganda usawa wa bahari uko chini ya lile yai kwa mita kumi na zaidi. Kwa hiyo kimo cha simu hutoka kidogo kuliko kimo cha usawa wa bahari, na nyumba huzama. Ongeza kwamba rada ilihesabu majani ya migomba na miti kama ardhi, ndipo utaelewa kwa nini zilizokuwa kwenye vivuli zilizama zaidi kuliko zilizokuwa kwenye viwanja vilivyofagiwa.

Kosa hili halikubadilisha nyumba ipi ni nyekundu, maana ukanda ulipimwa kwa ubapa. Lakini tulikuwa tumepanga kutumia vimo hivyo kukadiria nyumba iko mita ngapi juu ya maji, na hapo mita kumi ni tofauti ya kulala na kuhama. Tukavitupa vimo vya simu vyote, tukachukua kimo cha kila nyumba kutoka kwenye gridi, angalau vyote viwe vinahesabiwa kutoka mahali pamoja.

Tangu siku hiyo nina mpangilio wangu. Natazama mara ya kwanza kila tabaka likiwa kwenye kimo chake lenyewe, hata kama picha itakuwa mbaya, na mara ya pili ndipo nalilaza juu ya ardhi. Kulaza kunapendeza, lakini kunafunika.

Orodha ya nyekundu ilibadilika sana. Nyumba 23 zilikuwa nyekundu mwanzoni. Baada ya kusahihisha, 6 tu kati ya hizo zilibaki, na 14 mpya zikaingia. Idadi ilishuka, na kuna aliyesema basi ni habari njema. Mimi sikuiona hivyo. Mama mmoja ambaye nyumba yake ilikuwa juu ya mgongo imara alikuwa ameshaanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe wake. Na familia 14 kando ya mkondo zilikuwa zimekaa wiki tatu, katika mvua za Aprili, zikiwa na karatasi yetu ukutani inayowaambia wako salama. Tulipanda boda alfajiri yake, hatukungoja kikao, tukaenda mlango kwa mlango na mwenyekiti. Yule mama tulianza naye.

Kikao cha pili kilileta tatizo jipya. Nilikuwa nimeapa kutokuza vimo, kwa hiyo niliwaonyesha mlima katika kipimo cha kweli, kutoka juu, kama ndege. Watu wakanyamaza. Mzee mmoja akasema, "Huu si mlima wetu. Wetu ni mkali." Kwa namba alikuwa amekosea, kwa macho alikuwa amesema kweli: hakuna aliyewahi kuuona mlima ule kutoka angani. Ukitazama ardhi kutoka juu, hata mteremko mkali hulala.

Sikurudisha ile 3. Nilishusha kamera hadi senta, mbele ya maduka, kimo cha mtu aliyesimama, nikaielekeza juu. Watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja. "Pale kanisani!" "Ile njia ya chemchemi!" "Kwa marehemu Mwalimu pale!" Mlima ulikuwa mkali kama wanavyoujua, na hakuna namba hata moja iliyozidishwa. Nikatembeza kamera kutoka senta kwenda juu kwa mwendo wa mguu, tukapita kando ya mto, na kila tulipofika kwenye nyumba nyekundu nilisimama, mwenye nyumba akasema kama ndipo. Nyumba mbili tulizisahihisha hapohapo. Kijana aliyezikusanya alikuwa amesimama barabarani badala ya uani.

Afande alikaa kimya mpaka mwisho. Kisha akaomba picha ile ichapishwe, ile ya kutazama kutoka senta. Tuliichapa Mbale tukamletea Ijumaa. Akaiweka mezani, akatoa kalamu mfukoni, akachora mstari mmoja mfupi kutoka chini ya ufa mkubwa hadi mtoni.

"Hapa kuna mfereji," alisema. "Mvua ikinyesha unajaa. Kikiketi chako hakiuoni."

Kikiketi ndilo jina alilowapa miraba ya gridi. Nikamwuliza mfereji una upana gani. Akanyoosha mikono, akafikiri, akasema mtu akiruka havuki. Mita nne, tano. Mraba mmoja wa gridi yetu una mita 30, na mfereji wa mita tano humezwa ndani yake usiache alama. Programu isingeweza kuuonyesha hata kwa pikseli zote za dunia, na sisi wenyewe tulikuwa tumepita karibu mara mbili wakati wa kiangazi tukaona nyasi tu.

Tulipanda naye siku ileile. Alitangulia na fimbo, mimi nyuma na simu nikirekodi kila hatua, na kijana wa tatu akishika utepe wa kupimia penye upana. Kando ya mfereji, upande wa kushoto ukipanda, kuna nyumba tatu ambazo katika orodha zetu zote mbili zilikuwa za kijani. Mfereji sasa ni tabaka la saba.